Damu ni Yetu

Kama Thadeus angemwambia kwamba ana mke mwingine Mombasa, Loice angejua la kufanya. Angelia, angemtusi, angerudi kwao Chawia na kuwaachia wazee wa pande mbili wamalizane. Mambo kama hayo yametokea tangu dunia iwe dunia na yana njia zake. Lakini neno aliloambiwa asubuhi ile, wakiwa wamesimama karibu na josho la ng'ombe kule Ndara, halikuwa na njia.

Alikuwa amekwenda bila kualikwa. Tangu katikati ya wiki Thadeus hakushika simu, na harusi ilikuwa Jumamosi ijayo. Loice, mwalimu wa bayolojia katika shule moja ya sekondari pale Voi, hakuwa mtu wa kuweka jambo moyoni likamchachia. Alichukua bodaboda hadi kwenye ranchi ambako Thadeus alikuwa afisa wa mifugo. Akamkuta akisimamia kuogeshwa kwa ng'ombe, buti zimejaa tope jekundu, kofia imeshuka mpaka machoni. Alipomwona mchumba wake hakutabasamu. Hilo peke yake lilimtia Loice baridi, kwa maana tabasamu la Thadeus ndilo lililomwangusha tangu siku ya kwanza, Loice alipoleta wanafunzi wake pale kujifunza magonjwa ya kupe akamwona kijana mrefu aliyekuwa akimsemesha ndama mgonjwa kama anayembembeleza mtoto.

"Umekonda," Loice alisema.

"Silali vizuri."

"Wachana na usingizi. Kwa nini hushiki simu zangu?"

Thadeus aliwapa wachungaji maagizo, kisha akamwongoza hadi chini ya mgunga, mbali kidogo na kelele. Akavua kofia. Akaivaa tena.

"Loice, mimi siwezi kukuoa."

Loice alicheka. Hakujua kwa nini. Kicheko kilitoka chenyewe, kikafa chenyewe.

"Hema limeshalipiwa, Thadeus. Baba yangu ameshachinja mbuzi wa kuwaambia ndugu zake. Usinichezee mchezo huo."

"Sichezi."

"Ni Kasyoka?" Kasyoka alikuwa karani wa ranchi, msichana wa Kikamba mwenye macho ya kuita. "Niambie tu. Nilimwona siku ile anavyokuchekea."

"Si Kasyoka. Si mwanamke yeyote."

"Basi unaumwa. Daktari amekuambia huwezi kuzaa? Thadeus, watoto tunaweza kuchukua hata—"

"Loice." Alimshika mabega, taratibu. "Nisikilize. Si mwanamke yeyote. Hajawahi kuwa mwanamke."

Kule joshoni ng'ombe mmoja alijitupa majini, chubwi! Wachungaji wakapiga mbinja. Loice alisikia vyote hivyo waziwazi, kana kwamba masikio yake yalikuwa yametafuta kitu kingine, chochote kile, cha kusikia. Kisha maneno yakamfikia, moja baada ya jingine.

"Unataka kuniambia wewe ni..." Neno alilijua. Alilisikia kila siku shuleni, wavulana wakitupiana kwa mzaha. Sasa hakuweza kulitamka.

"Ndiyo," Thadeus alisema. "Usilitaje kama huwezi."

Loice alikaa chini mavumbini na gauni lake jeupe la maua. Thadeus naye akachuchumaa mbele yake, lakini hakuthubutu tena kumgusa.

"Tangu lini?"

"Sina siku ninayoweza kukuonyesha nikasema ilianza hapa. Nikiwa mdogo, wenzangu walikuwa wakimwongelea msichana fulani wa kwaya, na mimi nilikuwa nikimtazama kijana aliyepiga ngoma. Nilidhani kila mtu yuko hivyo na wenzangu wanasema uongo tu. Nilipogundua kwamba hawasemi uongo, niliogopa sana. Nilifunga. Niliomba. Nilipanda mlima Vuria peke yangu nikamlilia Mungu huko juu mpaka sauti ikanikauka."

"Na mimi je?" Sauti ya Loice ilipanda. "Ule mwaka mzima, mimi nilikuwa nini? Ulipokuwa ukinishika mkono pale stesheni, ulipokuja na mvua ile yote kuniletea dawa ya malaria, ulikuwa ukiigiza?"

"Sikuigiza hata siku moja. Hilo ndilo lililonipoteza." Macho yake yalijaa. "Nakupenda, Loice. Hakuna mtu ninayependa kuongea naye kama wewe. Kuna wakati nilijiambia, basi, yamegeuka. Kama mto wa msimu, mvua ikinyesha unabadili njia. Nilifurahi! Nikaja kukuchumbia mbio mbio kabla hayajageuka tena. Lakini kupenda kuongea na mtu si kumtamani. Wiki hii nimejaribu kufikiria usiku wa harusi yetu, nikaona nitakuwa nikikuibia. Leo nikikuibia, na kesho, na miaka yote."

"Labda yatageuka tena." Loice alijisikia akisema maneno hayo na kujionea aibu, lakini hakuweza kuyazuia. "Wewe mwenyewe umesema mto. Binadamu hubadilika, Thadeus. Tunaweza kungoja."

"Labda yatageuka, labda hayatageuka. Sijui. Lakini sitaki ukae mlangoni unangoja mpaka uzeeke."

"Kuna mtu?"

"Alikuwako. Niliachana naye kabla sijakuja kwenu."

Loice alimtazama uso ule. Nyusi zile nene, kovu dogo kidevuni, midomo ambayo yeye, mjinga yeye, aliwahi kujisifu kwa wenzake wa chumba cha walimu kwamba haina haraka, ni ya mwanamume mwenye heshima. Heshima!

"Nani mwingine anajua?"

Thadeus aliinamisha kichwa.

"Nani, Thadeus?"

"Mama."

Huo ndio uliokuwa mshtuko wa pili, na uliuma kuliko wa kwanza. Mama Rachel! Mama Rachel aliyemkumbatia mbele ya kanisa zima la Ronge, aliyempelekea mamake Loice ndizi na kimanga cha mihogo na maharagwe kila Jumapili, aliyemwita "mwanangu" hata kabla posa haijapelekwa. Mama Rachel ndiye aliyemfuata shuleni siku moja na kumwambia, "Mwalimu, yule kijana wangu wa ranchi ni mpole sana, hajui kuanza maneno. Msaidie."

Loice alisimama, akajipangusa mavumbi.

"Washa gari," alisema. "Tunakwenda Ronge."

*

Njiani hawakuongea. Pikapu ya ranchi ilipita Mwatate, ikaanza kupanda, na hewa ikabadilika kutoka vumbi la mkonge hadi ubaridi wa migomba na mifereji ya maji. Kila kona ilikuwa na mtu wa kuwapungia mkono. "Maharusi hao!" mwanamke mmoja alipiga kelele akiwa na mzigo wa kuni mgongoni. Thadeus aliinua mkono kidogo. Loice alitazama mbele.

Nyumbani kwa Mama Rachel palikuwa pamechangamka. Wanawake wa kikundi chake walikuwa wakiosha sufuria kubwa za kukodi. Mark, pacha wa Thadeus, alikuwa juu ya ngazi akipaka ukuta rangi mpya, na mtu asiyewazoea angedhani Thadeus ametangulia kufika akapanda ngazi, jinsi walivyofanana. Baba mdogo Reuben, ndugu wa marehemu baba yao, alikuwa kwenye kiti cha kamba akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata.

"Bibi harusi!" Mama Rachel alitoka jikoni akifuta mikono kwenye leso. "Mbona hamkusema mnakuja? Mbona una vumbi hivyo, mwanangu?"

"Nataka kuongea na wewe, mama. Ndani."

Kitu fulani kilipita usoni mwa mama yule. Alimtazama Thadeus, na Thadeus akatazama chini. Basi. Hakuuliza tena. Aliingia sebuleni na wao wakamfuata. Mark, aliyehisi harufu ya balaa, alishuka ngazi na brashi mkononi akaingia pia. Baba mdogo Reuben alibaki kwenye kiti chake, lakini shingo yake ilirefuka.

"Ulijua," Loice alisema mlango ulipofungwa.

"Nilijua nini, mwanangu?"

"Mama, tafadhali. Nimeshaambiwa na mwenyewe."

Mama Rachel aliketi polepole, kama mtu anayepima kama kiti kitamhimili. Alimgeukia Thadeus akamwambia kitu kwa Kidawida, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini na ya ukali. Thadeus akajibu kwa Kiswahili ili ionekane hafichi kitu, ingawa Loice naye ni Mdawida na alikuwa amesikia vyema: *Umetuua.*

"Sijamuua mtu, mama. Nimemwambia ukweli."

"Ukweli!" Mama Rachel alipiga goti lake. "Ukweli ni kwamba wewe ulizaliwa mzima. Mimi ndiye niliyekuzaa, najua nilichozaa. Ni ile shule ya bweni. Tuliwapeleka watoto mbali, wakalala kama kuku kwenye banda moja bila mama wala dada, wakaharibiwa. Nilimwambia baba yenu, hakusikia."

"Mama," Mark alisema. Wote walimtazama, kwa maana Mark hakuwa msemaji. "Shule ilikuwa moja. Bweni moja. Kitanda kilikuwa cha ghorofa, Thade alilala juu, mimi chini. Kama ni shule iliyomharibu, mbona mimi haikunigusa?"

"Wewe ulijua, Mark?" Loice aliuliza.

"Nilihisi. Kuhisi si kujua." Aliweka brashi juu ya gazeti kuukuu. "Nilijiambia si kazi yangu. Nisamehe, shemeji."

Neno lile *shemeji* lilimchoma. Mama Rachel alikuwa bado anapigana.

"Basi ni wale marafiki zake wa Voi. Ni simu hizi. Ni sinema. Mtoto hufuata anachokiona!"

"Nilikiona wapi hapa Ronge, mama?" Thadeus aliuliza kwa upole. "Nikiwa na miaka saba, hata umeme hatukuwa nao."

Mlango ulifunguka. Ni Baba mdogo Reuben, shingo imeshindwa kungoja. Kumbe alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote. Alikuwa amepauka.

"Nimesikia," alisema. "Na mimi nina swali moja tu. Kama mnasema si shule, mnataka kusema kijana amezaliwa hivi. Sawa. Hawa walikaa tumbo moja, sura moja, hata mimi nawachanganya mpaka leo. Mbona basi mmoja yuko hivi na mwingine ana mke na mtoto?" Akamgeukia Loice. "Wewe ndiwe mwalimu wa bayolojia. Tuambie. Mtu huzaliwa hivyo, au hufundishwa, au ni upepo tu unapita?"

Wote wanne walimtazama. Loice hakuamini. Moyo wake ulikuwa umevunjwa asubuhi hii hii, na sasa aliwekwa mbele ya ubao kama yuko darasani. Lakini jambo la ajabu ni kwamba alijaribu kujibu, kwa maana akili yake nayo ilikuwa ikitafuta pa kushika.

"Hakuna anayejua yote, baba. Wanaochunguza wanasema kuna kitu mtu anazaliwa nacho, lakini si kitu kimoja, na hata pacha wa yai moja huweza kutofautiana. Wengine hubadilika katika maisha, wengine hawabadiliki hata ufanye nini. Hakuna aliyepata shule inayofundisha jambo hilo, wala shule inayoliondoa." Alivuta pumzi. "Lakini mimi sikuja hapa kuuliza ametoka wapi. Nimekuja kumuuliza mama kwa nini alinitafuta. Mama, ulikuja mwenyewe shuleni kwangu. Ulinichagua. Ulijua, na ukanichagua. Kwa nini?"

Mama Rachel alianza kukunja leso yake magotini.

"Nilikuwa dawa?" Sauti ya Loice ilivunjika. "Mama, mimi nilikuwa dawa ya mwanao?"

"Ndoa hutengeneza mtu," Mama Rachel alinong'ona. "Ungezaa. Angepata watoto, angetulia. Angekuwa mume mwema, Loice, nakuapia. Hangekupiga. Hangelewa. Hangekuwa na wanawake. Wangapi hapa Ronge wana mume wa namna hiyo? Hata sasa mnaweza. Nyamazeni tu, muoane. Inawezekana kukaa hivyo. Nawaambia inawezekana."

"Wewe unajuaje, mama?" Loice aliuliza. "Unajuaje kwamba inawezekana?"

"Kwa sababu nimekaa!"

Sauti yake iligonga kuta. Nje, kelele za sufuria zilikatika. Mama Rachel aliziba mdomo kwa leso, lakini neno lilikwisha kutoka, na neno likitoka halirudi.

Mark ndiye aliyelifikia kwanza. "Mama. Unasema nini?"

"Nimekaa," alirudia, sasa kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Na baba yenu."

Baba mdogo Reuben alijishika ukutani, penye rangi iliyolowa, na hakugundua.

"Rachel, chunga mdomo wako. Unamsema ndugu yangu. Marehemu."

"Ndugu yako nilimfulia nguo mimi, Reuben, si wewe." Aliwageukia wanawe. "Mnamkumbuka Stephen? Stephen wa Taveta, aliyekuwa akileta vitunguu?"

"Baba Stephen?" Thadeus alisema. "Aliyekuwa akituletea miwa?"

"Huyo. Mlidhani mtu hutoka Taveta kila mwezi kwa ajili ya vitunguu? Alikuwa akilala hapa, kwenye chumba cha mbele, na baba yenu akibaki huko naye wakiongea, na mimi nalala na nyinyi wawili kifuani. Hakuna siku baba yenu alinitukana. Hakuna siku nililala njaa. Alinijengea nyumba hii. Alipokufa, Stephen alisimama mbali pale kaburini, nyuma ya watu wote, kama mtu aliyekuja kwa mazishi ya jirani. Nilimwonea huruma. Nilikwenda ndani nikamletea koti la baba yenu. Hakuna aliyeuliza kwa nini."

Thadeus alikuwa ameketi chini sakafuni, mgongo ukutani, machozi yakimtiririka bila sauti. Miaka yote alijiona kuwa yeye peke yake tangu Adamu, na kumbe chumba alichokuwa akilia ndani yake kilikuwa ni kile kile cha mbele, cha baba yake na Stephen. Mark alikuwa amemwita mkewe kutoka jikoni amletee binti yao mchanga, hata mwenyewe hakujua kwa nini, akampakata na kumtazama usoni kama anayesoma kitu.

"Kwa nini basi siku zote ulisema ni shule?" Thadeus aliuliza hatimaye. "Tangu nikiwa kidato cha pili uliponikuta nalia. Ni shule, ni shule. Ulijua si shule, mama."

"Kwa sababu shule ni ya watu," Mama Rachel alisema. "Damu ni yetu."

Loice alikuwa amekuja na hasira ya kutosha kuchoma nyumba, na sasa hakujua aielekeze wapi. Mbele yake alimwona mwanamke wa makamo mwenye leso iliyofifia, na nyuma ya mwanamke yule aliona miaka yake mwenyewe iliyokuwa imeandaliwa tayari: chumba cha mbele na chumba cha nyuma, heshima, shibe, ukimya. Alimwendea akapiga magoti mbele yake.

"Mama, ulikuwa na furaha?"

Mama Rachel alimtazama Loice usoni.

"Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza," alisema. Kisha akatikisa kichwa. "La, mwanangu. Nilikuwa nikisubiri. Nilidhani akizeeka atanigeukia. Akafa kabla ya kuzeeka."

"Na bado ukanitakia mimi hayo."

"Nilimtakia yeye uhai!" Alimshika Loice mikono yote miwili, kwa nguvu ya kuumiza. "Unajua watu watamfanya nini? Unajua? Wewe utaumia moyo na utapona. Yeye wakimjua hawatamwacha. Mimi ni mama. Nikipewa kuchagua, nitamchagua mwanangu, na Mungu anihukumu."

Loice aliitoa mikono yake taratibu.

*

Thadeus alisimama, akajipangusa uso, akatoka nje kabla mtu hajamzuia. Wanawake wa kikundi walikuwa wamesimama na sufuria zao, kimya, wakijifanya hawasikilizi.

"Akina mama," alisema, "asanteni kwa kazi yenu. Harusi haipo. Nimeivunja mimi. Loice hana kosa lolote, na mtu akimsema vibaya, ajue anasema uongo."

Minong'ono ilizuka kama nyuki waliotikiswa. Mmoja wao, mama mnene aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi, alijishika kichwa. "Thadeus! Wiki imebaki! Sababu ni nini?"

Thadeus alifungua mdomo. Loice, aliyekuwa amemfuata hadi mlangoni, aliona kwamba atasema. Aliona namna kifua chake kilivyoinuka, namna alivyokuwa amechoka kuficha, na nyuma yake alimsikia Mama Rachel akivuta pumzi kama mtu anayezama. Loice alikuwa na dakika hiyo moja ya kulipiza. Neno moja tu lingemtosha, na angelitaja yeye, na Ronge nzima ingemwonea huruma maisha yake yote.

Akaenda akasimama karibu na Thadeus, bega kwa bega.

"Tumeamua sisi wawili," alisema. "Sababu ni yetu. Atakayeitaka anifuate Chawia nimwambie sitamwambia."

Baba mdogo Reuben alikuwa ametokea mlangoni, rangi mbichi kwenye kiganja. Watu wote walimtazama, mzee wa ukoo, wakingoja atoe tamko. Alimtazama Thadeus muda mrefu. Labda alikuwa akimwona kaka yake. Labda alikuwa akihesabu mambo aliyoyaona zamani na kuyapita.

"Mmesikia," alisema mwishowe, kwa sauti kavu. "Rudisheni sufuria za watu."

Akaingia ndani, asimguse Thadeus wala kumtazama tena.

Loice na Thadeus walitembea hadi barabarani. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka milimani na migomba ilikuwa ikidondosha maji. Thadeus alitaka kumrudisha kwa gari, Loice akakataa. Walisimama wakitazamana, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Loice alimwona bila kutafuta mume ndani yake, na aliyebaki alikuwa bado ni yule yule aliyembembeleza ndama. Hilo ndilo lililomliza. Alilia kwa sauti, bila kuficha uso, na Thadeus alisimama pale akilia naye, mikono imening'inia, asijue kama bado ana haki ya kumkumbatia.

"Unanichukia?" aliuliza.

"Leo, ndiyo," Loice alisema. "Kesho sijui. Usinipigie simu mpaka nikupigie mimi."

"Na usiponipigia?"

"Utajua sijapona."

Loice aliitoa simu yake, akampigia baba yake. Mzee Bernard aliishika haraka. Nyuma yake kulisikika vicheko vya shangazi za Loice waliokwisha kufika kwa harusi.

"Baba," Loice alisema. "Niko Ronge, hapa barabarani. Harusi haipo."

Vicheko vilififia, mzee alikuwa ametoka nje. "Amekupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Hapana, baba."

"Amekudharau? Ametudharau sisi?"

"Hapana."

"Basi ni nini, Loice? Niambie, nitawaambia nini watu hawa wote?"

Loice alimtazama Thadeus, aliyekuwa amegeuka upande akitazama bonde, mabega yakitikisika. Maneno mengi yalimjia, ya kweli yote, na mengine yangeweza kumuua mtu.

"Ni mtu mzuri, baba," alisema. "Lakini si wangu."

Akasikia kwenye simu mlango wa gari ukifunguliwa, na injini kuukuu ikikohoa, ikikataa, ikikohoa tena, ikakubali.

"Simama hapo hapo barabarani," baba yake alisema. "Usiende popote. Nakuja kukuchukua."